Makaburi ya Mama Skolastika

Mwezi uliopita kijana mmoja wa ofisi ya ardhi alinikuta nyumbani hapa Sumbawanga nimekaa juani, maana baridi ya kwetu mwezi wa sita haina adabu kwa wazee. Akanisalimia, "Mambo, mzee?" Nikamwangalia tu. Akajirekebisha haraka, "Shikamoo." Nikaitikia marahaba kwa shingo upande. Akafungua kompyuta yake mapajani, akanionesha ramani ya kijiji cha Mkole, akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya.

"Mzee, hapa mlimani kuna makaburi mengi kuliko watu wa kijiji chenyewe. Kulikuwa na vita gani?"

Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni akidhani nimepaliwa. Kijana akabaki ananitazama, kidole kimesimama juu ya makaburi. Jina lake Fidelis. Si mjinga hata kidogo. Ameuliza, na kuuliza ndiyo nusu ya kazi hii. Wenzake wangechapisha tu na kwenda kula chipsi.

Basi ninyi mnaoajiriwa leo kupanga matumizi ya ardhi vijijini, sogeeni. Mmerithi ramani zetu, na upuuzi wetu mmerithi humo humo. Nitawaeleza makaburi ya Mkole yalivyozaliwa. Njiani nitapita pengine pengine, mtanivumilia. Nimestaafu, sina pa kuwahi.

Mimi nimepanga vijiji vya huku maisha yangu yote ya kazi, kuanzia Mwazye nilikozaliwa, hadi Milepa kule bondeni kwenye joto, hadi Kipili ziwani. Na katika mambo yote niliyowahi kuwaeleza wananchi, mtihani mkubwa ulikuwa eneo la wazi. Hebu fikiria. Uko juu ya Ufipa, nyasi zinakwenda mpaka mbinguni, unaona mbuzi wa kijiji cha pili akikuna mgongo. Halafu linafika gari, anashuka mtu mwenye tai, anasema, "Ndugu wananchi, tatizo lenu ni ukosefu wa maeneo ya wazi." Kuna mzee mmoja alinyosha mkono akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani mwanangu, lililofungwa ni lipi?" Niliomba tuimbe wimbo wa hamasa.

Lakini eneo la wazi lina maana yake, msije mkadhani nakejeli kazi iliyonilisha. Ardhi inajaa. Leo nyasi, kesho fremu za maduka. Usipoweka akiba ya uwanja wa watoto, pa kuzikia, pa kupuria ulezi na pa kufanyia mnada, ipo siku kijiji kitacheza mpira barabarani na kuzika uani. Tatizo halijawahi kuwa wazo lenyewe. Tatizo ni sisi tunaoona mahali hapana nyumba tukadhani hapana mtu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kasiani, mchora ramani wetu wa zamani, enzi tukichapisha ramani kwa dawa yenye harufu ya kutoa machozi. Mtu mfupi, mkali, hapendi kubishana kabla ya kunywa chai. Ukimpelekea mchoro wenye eneo la wazi, swali lake lilikuwa moja: "Umekaa hapo?" Si kupita, kukaa. Ukimjibu umepita na gari, anakurudishia karatasi bila kuitazama. "Pakiwa pametulia," alikuwa akisema, "ujue mwenyewe hajarudi tu." Alitutuma tukakae. Tukikaa asubuhi, tunaona patupu. Jioni wanakuja wanawake na ungo. Jumapili wanakuja kwaya. Ng'ombe nao wana saa zao. Ukitaka ushauri wa bure kutoka kwangu, ndio huo: kaa. Na ukizungushwa kijijini, chukua waongozaji wawili, mmoja anayempenda mwenyekiti na mwingine asiyeweza kumwona. Watabishana njia nzima. Mahali watakaponyamaza wote wawili, simama hapo, kuna jambo.

Kipili hawakukaa. Mradi mmoja wa kupendezesha vijiji ulishusha mabenchi ya saruji ufukweni, eti watu wapumzike wakitazama jua likizama ziwani. Mimi nikatumwa nikakague jinsi wananchi wanavyopumzika. Nilifika nikakuta kila benchi limejaa dagaa kutoka mwisho hadi mwisho. Nikamuuliza mama mmoja wa Kiislamu, mwenye dagaa wake, mbona hawakai. Akaniambia, "Baba, anayekaa ni nani na dagaa watakauka wapi? Waambie wametusaidia sana, hizi meza mchanga haufiki. Watuletee na nyingine." Niliandika kwenye taarifa kwamba mabenchi yanatumika kikamilifu. Hakuna aliyeniuliza zaidi.

Sasa nikiwa hukohuko Kipili na hayo mabenchi, ndipo mradi uleule ulipopanda mlimani ukaingia Mkole.

Uliongozwa na mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Tulimwita Dakta. Kijana mpole, msomi kweli, viatu vyeupe. Dakta alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna hospitali inayoutibu: alikuwa ameambiwa habari za Sumbawanga. Mnazijua hizo habari. Nchi nzima inaamini sisi huku ni wachawi: tunaamka, tunapiga mswaki, halafu tunarusha radi. Alipopangiwa kazi mkoani kwetu mama yake alilia. Alikuja na biskuti za kutosha ili asile kwa watu. Hakukubali kupeana mikono na wazee. Na kutembea porini, thubutu! Alikuwa na droni, kwa hiyo alisimama pembeni ya gari, mlango wazi, injini inanguruma, akairusha hiyo droni ikamtembelee.

Droni ikapita juu ya mlima wa mashariki. Ilikuwa mwezi wa nane, nyasi zimekauka. Pale mlimani kulikuwa na matuta ya duara, ya udongo mtupu, mamia kwa mamia, yamepangwa kwa mistari kama vitumbua kwenye kikaango. Mfipa yeyote anajua hayo ni nini. Ni ntumba. Mvua zikielekea mwisho unakata nyasi na mizizi yake, unazigeuza ndani, unazifunika udongo, unapata tuta la kufika gotini. Juu yake unapanda maharage. Ukishavuna unaliacha lioze taratibu kiangazi chote. Mvua mpya zikikaribia unalitawanya, unamwaga ulezi. Hiyo ndiyo mbolea yetu, hatukuinunua dukani.

Dakta aliitazama picha, akaingia garini, akaandika: makaburi.

Na kwa hesabu za kazi yetu, makaburi ni eneo la wazi. Kwa hiyo kwa kosa moja alipata eneo la wazi kubwa, lisilo na mgogoro, ambalo hatalazimika kwenda kuliona. Akapendekeza lizungushiwe uzio, lipandwe maua, liwekwe njia za kutembelea na mabenchi. Bustani ya Kumbukumbu ya Mkole. Halmashauri ya kijiji ikapitisha rasimu ya mpango huo siku ya semina ya mradi, baada ya wali na maharage. Iliyobaki ilikuwa mkutano mkuu wa kijiji uiridhie.

Mlima ule ulikuwa shamba la mama Skolastika.

Mama Skolastika ni mjane. Mume wake alipofariki, shemeji zake walimwachia huo mlima kwa sababu hakuna aliyeutaka, wao wakachukua lile shamba zuri la chini karibu na kijito. Akaulima mlima kwa ntumba, mwaka hadi mwaka, yeye na jembe na wajukuu watatu aliowalea baada ya mwanaye kuondoka. Shemeji walikuwa wakimcheka. Ulezi ulipoanza kumjaa ghalani wakaacha kucheka, wakaanza kuja kumtembelea. Huo ulezi ndio ugali wao mwaka mzima, ndio pombe ya kimpumu anayouza siku za mnada, ndio sare za shule. Hana kingine.

Niliporudi kutoka ziwani nikakuta rasimu mezani. Nilidhani ni utani. Nikamfuata Dakta hotelini kwake, nikamkuta anakula biskuti.

"Dakta, haya si makaburi. Ni matuta ya ulezi."

"Una ushahidi gani, mzee?"

"Mimi ni Mfipa."

"Hiyo si takwimu," akasema, tena kwa heshima kabisa.

Nikamwambia twende sote sasa hivi nikamfukulie moja kwa mkono aone nyasi zilizooza. Alinitazama kana kwamba nimemwambia twende tukale maiti. Akanieleza taratibu zake: rasimu imeshapita halmashauri ya kijiji, kama kuna marekebisho yatoke kwa wananchi wenyewe kwenye mkutano mkuu. Hapo alisema kweli. Nikaona jambo dogo hilo. Nani Mkole hajui ntumba? Mwenyekiti atasimama, atasema ni matuta, kwisha habari.

Lo! Sikujua kwamba siku ya semina, wakati wa kuaga, Dakta alikuwa ameongeza sentensi moja. Alisema, kwa moyo mwema tu, kwamba kama kuna familia zenye wapendwa wao pale mlimani, mradi utaangalia namna ya kuzifuta machozi.

Vijana wangu, maneno hayo msiyaseme kamwe mbele ya watu wenye macho makavu.

Aliyekumbuka kwanza ni mwenyekiti wa kijiji, Desderi. Alikumbuka kwamba babu yake mzaa baba amelala pale mlimani, mstari wa chini, kwenye kona. Ulipopita usiku mmoja, jirani yake naye akakumbuka shangazi wawili. Wale shemeji wakakumbuka ukoo mzima, na walilia kabisa. Kuna bwana mmoja alinijia ofisini akadai kaburi la baba yake mkubwa, wakati asubuhi hiyohiyo nilipishana na huyo baba mkubwa njiani anaendesha baiskeli, tena alinipigia kengele. Ndani ya siku chache mlima ule ulikuwa na marehemu wenye ndugu wengi kuliko kanisa la parokia siku ya Pasaka.

Nikapanda pikipiki nikaenda kwa mama Skolastika. Nilimkuta amekaa mlangoni anachambua maharage, na mgambo mmoja wa kijiji amesimama pale kwenye njia ya shamba, amewekwa na mwenyekiti azuie mtu yeyote asiguse makaburi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bwana Mipango, hebu niambie. Mimi nimezika watu wangapi kule?"

Nilimweleza yote. Hakukasirika. Mimi ndiye niliyekasirika, nilitukana droni, nikatukana mradi, nikamtukana Desderi mpaka mgambo akageuka pembeni ili asisikie. Yeye alikuwa akiendelea tu kutoa mawe kwenye maharage.

"Wingu limeanza kusimama upande wa ziwa," akasema. "Matuta yale yasipotawanywa kabla ya mvua, hakuna ulezi. Uzio ukija, hakuna shamba. Hawa watoto watakula ramani?"

"Kwenye mkutano nitasimama nitasema kweli," nikamwambia.

"Kweli wote wanaijua. Wewe utawaambia nini wasichokijua?" Akaguna. "Wewe kaa. Mimi nitasema. Chukua maharage hayo umpelekee mkeo."

Niliyachukua. Nilikuwa na hasira lakini si hasira ya kukataa maharage.

Siku ya mkutano uwanja wa shule ulijaa. Kwa kawaida mkutano mkuu wa kijiji unapatikana kwa kubembeleza watu mmoja mmoja, tena kwa kuwatishia na mgambo. Siku hiyo walikuja mpaka waliohamia Mpanda. Dakta aliketi meza kuu, chupa yake ya maji imefungwa vizuri. Mwenyekiti Desderi akafungua kwa sala, akaeleza jinsi kijiji kilivyobahatika kuwa na historia nzito, akasema, "Wenye marehemu wao kule mlimani tunaomba wasimame, tuwape heshima zao."

Nusu ya uwanja ikasimama. Nilitaka kuruka. Mama Skolastika aliniangalia kwa jicho moja, nikakaa.

Akanyosha mkono. Akapewa nafasi, maana mjane akinyosha mkono hadharani si rahisi kumnyima. Akajifunga khanga vizuri, akaja mbele.

"Mwenyekiti, mimi sina ubishi. Kindege cha serikali kimeona makaburi, mimi ni nani nikibishie kindege? Nimekuja kuomba msamaha tu. Miaka yote nimewalimia wazee wenu kichwani bila kujua. Nasikitika sana. Mwenyekiti, babu yako umesema yuko wapi?"

"Mstari wa chini," Desderi akasema kwa huzuni kubwa. "Kwenye kona, karibu na lile jiwe."

"Ah, pale kwenye jiwe!" Mama Skolastika akapiga kofi. "Basi pale ndipo panapostawi kuliko kote. Si unakumbuka mwezi wa sita mlipokuja kwangu kuomba maharage ya harusi ya mwanao? Nilichuma palepale. Mlisifu sana. Mlirudi kuomba mengine."

Kwetu chakula kilichoota juu ya maiti hakigusi mdomo wa mtu mwenye akili, na harusi ile Mkole nzima ilikula. Nilimwona mzee mmoja akishika tumbo.

"Na wewe shemeji," akaendelea, sauti ileile ya upole, "ukoo wako wako mstari wa juu, si ndiyo? Yale ya mstari wa juu ndiyo mliyobeba wakati wa Pentekoste, gunia zima. Mlisema yanaiva haraka. Mimi sikujua kumbe..."

Hakumaliza. Mke wa Desderi, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alikuwa ameshasimama.

"Desderi! Umenilisha babu yako?"

"Mama watoto, ngoja..."

"Umewalisha wakwe zangu babu yako? Padri alikula! Si babu yako amelala misheni, na msalaba wa saruji tulimwekea wenyewe? Kila siku ya marehemu wote si tunakwenda mimi nawe huko na mishumaa? Amehama lini?"

Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka kwa sababu wengi wao bado walikuwa wamesimama. Desderi akakohoa. Akasema kwa kweli siku nyingi zimepita, huenda amechanganya. Akakaa. Shemeji mmoja akakaa, mwingine akamfuata. Wakakaa mistari kwa mistari, kila mtu akimkana mzee wake kimyakimya. Yule bwana wa baba mkubwa alikuwa wa mwisho, na baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyemvuta shati akae.

Dakta akaniinamia. "Mzee, yale maharage ya siku ya semina..."

"Si ulikula?"

"Biskuti ziliisha."

"Ni yaleyale," nikamwambia. Mungu anisamehe, nililifurahia jibu hilo kuliko kiinua mgongo changu.

Akaomba dakika moja, akaenda nyuma ya darasa. Aliporudi uso ulikuwa na rangi ya viatu vyake. Akautangazia mkutano kwamba makaburi yasiyo na ndugu ni jambo zito, mradi hauwezi kuweka mabenchi juu ya watu wasiojulikana, hasa katika mkoa huu. Mabenchi yangekwenda kijiji kingine. Wakati anasema hayo dereva alikuwa ameshawasha gari.

Nikasimama sasa, kalamu mkononi, kifua mbele. "Ndugu wananchi, basi tufute neno makaburi, tuandike shamba la mama Skolastika, tumalize."

"Hapana," akasema mama Skolastika.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Acha hivyohivyo, Bwana Mipango."

"Mama, lakini ni uongo!"

"Niliuandika mimi?" Akageukia watu. "Shamba la mjane kila mtu analitolea macho. Nani atatolea macho kaburi? Mimi naomba kitu kimoja tu. Si kila eneo la wazi lina mtunzaji wake? Basi niandikeni mimi mtunzaji, mimi na wajukuu wangu na watoto wao, tutunze hao marehemu. Tutawatunza kwa jembe."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko na vigelegele. Baada ya aibu ile, nani angemnyima? Mikono ikanyoka yote, na wa Desderi ukanyoka wa kwanza, maana mke wake alikuwa amemkodolea macho. Nikaandika kama walivyosema: eneo la makaburi, litatunzwa na Skolastika na uzao wake, kwa jembe. Mimi, mwanafunzi wa Mzee Kasiani, niliyekuwa nikirudia mchoro mzima kwa ajili ya kijito kilichokosewa upana wa unyayo, niliipiga muhuri ramani hiyo nikiwa natabasamu. Kesho yake mama alianza kutawanya matuta. Mvua ilimkuta ameshamwaga ulezi.

Mnadhani imeishia hapo. Miaka ikapita, akaja mwekezaji anatafuta milima ya kupanda miti ya mbao. Safari hii nilikuwapo. Tulizunguka naye, Desderi anaongoza, ramani imefunguliwa juu ya boneti. Mlima ukiandikwa ardhi ya akiba, ulikwenda kwake. Ukiandikwa shamba, ulikwenda pia, kwa ahadi. Lile shamba zuri la chini la shemeji lilikwenda hivyo, na mpaka leo wanafuatilia ahadi yao. Wakifika mjini huwa wanapita kwangu kunywa chai. Tulipofika kwenye mlima wa mashariki, matuta yamejipanga jua linawaka, mwekezaji akatazama ramani, akatazama mlima, akavua kofia. Akafanya ishara ya msalaba. Kisha akamwambia mpimaji wake asogeze mpaka mbali kidogo, wasije wakawasumbua.

Desderi alinitazama, nami nikamtazama. Tuliinamisha vichwa wote wawili, tukawaombea marehemu.

Sasa turudi kwa Fidelis, aliyeniuliza kulikuwa na vita gani. Nilipommalizia hadithi hii akafunga kompyuta, akasema, "Mzee, lakini ramani ina kosa. Mimi kazi yangu si kurekebisha?" Nikamwambia ni kweli, kazi yake ni kurekebisha. Ila aende kwanza Mkole, kwa miguu, bila kindege. Amsalimie mama Skolastika shikamoo na siyo mambo. Ale atakachopewa, akae mpaka jioni, halafu arekebishe anavyoona.

Sitawaficha, niliingiwa na hofu. Mama ni mzee sasa, mwanya wa meno umeongezeka, jembe ameshawaachia wajukuu. Kijana mwaminifu akisahihisha neno moja tu kwenye kompyuta, mlima wote unakuwa shamba, na mwekezaji bado anatafuta milima. Nililala vibaya juma zima. Mke wangu akaniuliza kama nina madeni.

Jana Fidelis alirudi. Viatu vimejaa udongo mwekundu, begani amebeba mfuko wa maharage.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umerekebisha?"

"Nimerekebisha." Akakaa, akafungua kompyuta, akanigeuzia. Niliyatafuta makaburi kwa macho. Yalikuwapo. Yalikuwa yameshuka mlimani, yamevuka njia, yamefika karibu na shule. "Yameongezeka," akasema. "Majirani wote wanaolima ntumba wameitisha mkutano, wanaomba na yao yaingizwe. Wamesema kindege hakikuona vizuri."

"Na Desderi amekubali?"

"Mwenyekiti ndiye wa kwanza kuomba. Anasema sasa amekumbuka vizuri kabisa, babu yake yuko kwenye matuta ya shamba lake."

Nilipumua. Nikauliza mama Skolastika amesemaje.

"Amesema babu apokelewe," Fidelis akajibu, "ila mwenyekiti alete rambirambi kwanza."